Kuagiza Mchoro wa Mnara wa Maji Mtaani: Mwongozo kwa Kamati za Wakazi Nairobi

Ukishuka stejini na kumuuliza mtu njia, mara nyingi utaambiwa, "Nenda hadi kwa tangi, halafu ukate kushoto." Mnara wa maji unajulikana na kila mtu, mwenye nyumba na mpangaji, mtoto wa nasari na mzee aliyestaafu. Ndiyo maana naunga mkono kila mtaa unaotaka kuuchora. Lakini nimeona pia yanayotokea kamati inapokimbilia rangi. Misimu miwili ya mvua ikishapita, sura ya mama iliyochorwa inabanduka shavu, na lawama zinamwangukia kijana aliyeshika brashi. Yeye alichora vizuri. Waliomwagiza ndio walioacha kazi yao katikati.

Mwongozo huu ni wa hao wanaoagiza: chama cha wakazi, bodi ya shule, kamati ya kanisa, kampuni inayosimamia nyumba. Sehemu kubwa ya kazi yenu iko kabla mkebe wa kwanza haujafunguliwa, na nyingine iko baada ya wachoraji kuondoka.

Kwanza: mnara ni wa nani?

Msibahatishe. Minara mingine ni ya Nairobi City Water and Sewerage Company, kampuni ya kaunti yenye makao yake Kampala Road, Industrial Area. Mingine ni ya shule, ya hospitali, ya Shirika la Reli au ya kampuni iliyojenga mtaa. Hutokea pia tangi likawa la huyu na kiwanja kikawa cha yule, nanyi mnahitaji ruhusa ya wote wawili.

Andikeni barua, muipeleke kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala nyingine zimfikie msimamizi wa wadi na chifu. Chifu haidhinishi michoro, lakini yeye ndiye atakayepigiwa simu mtu akiona vijana wamepanda juu ya tangi. Na kanjo, yaani askari wa kaunti, wakifika, barua yenye muhuri inafupisha mazungumzo.

Katika barua hiyo ulizeni ruhusa ni ya miaka mingapi, na kama mwenye mnara anaweza kuupaka rangi upya bila kuwaambia. Ulizeni ni siku zipi maji yanaweza kuteremshwa. Ulizeni pia ni nini kingine kimefungwa pale juu. Minara mingi ina antena za simu, na mtu hafanyi kazi mbele ya antena inayorusha mawimbi hadi kampuni husika iizime na kuthibitisha kwa maandishi. Kama mnara una mistari myekundu na myeupe au taa nyekundu kileleni, hayo ni maonyo kwa marubani. Mkiwa karibu na viwanja vya ndege vya Wilson, Eastleigh au Embakasi, msiguse alama hizo na msiongeze kitu chochote kinachorefusha mnara bila kuuliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Pili: kagueni chuma kabla ya kuwaza picha

Hapa ndipo nawaomba mkae muda mrefu, maana kamati nyingi huruka.

Matangi ya juu ya Nairobi mengi ni ya paneli za chuma zilizofungwa pamoja kwa bolti, kila paneli ikiwa na upande wa futi 4, yaani mita 1.22. Paneli hizo si bapa. Zimebonyezwa ili zipate nguvu, na kingo zake zenye bolti hutoa kivuli jua linapokuwa utosini. Mchoraji mzuri atazitumia. Atagawa mchoro wake kwenye miraba ileile ya paneli, na kupanga macho na midomo yasianguke kwenye mstari wa bolti. Ya zege huwa ya mviringo na laini zaidi, ila zege ikivuja kidogo kutoka ndani, unyevu huisukuma rangi kutoka nyuma na hakuna rangi itakayoshika. Zibeni uvujaji kwanza. Matangi ya plastiki yasahauni kabisa. Rangi haishiki vizuri kwenye plastiki ya aina hiyo, na ni bora mchore ukuta unaoyazunguka.

Tafuteni fundi wa rangi za viwandani, si wa nyumba, apande na kuwaletea ripoti yenye picha. Awaambie chuma kina kutu kiasi gani, kama kimetiwa zinki au la, na kuna tabaka ngapi za rangi ya zamani. Swali la zinki ni zito kuliko linavyosikika. Rangi ya mafuta ya kawaida ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki hugeuka kitu kama sabuni pale chini, kisha hutoka vipande vipande. Chuma cha zinki kinataka rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi. Viwango vya Kenya vya leo haviruhusu zaidi ya sehemu 90 kwa milioni, lakini mnara uliopakwa miaka mingi iliyopita haukufuata viwango hivyo. Msiruhusu mtu akwangue rangi hiyo ikiwa kavu huku vumbi likishukia watoto wanaocheza chini. Ilowekwe, turubai litandazwe, vipande vikusanywe, na mafundi wavae barakoa za vumbi laini.

Mpangilio wa rangi unaodumu kwenye chuma ni huu: kutu itolewe yote, kwa kupuliza mchanga mwenye mnara akikubali, au kwa brashi ya waya na msasa wa mashine. Ifuate rangi ya msingi ya epoksi, kisha tabaka la katikati, na juu rangi ya poliurethani inayostahimili jua. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na karibu na ikweta, na jua letu hula rangi hata siku za baridi. Emalshani ya ukutani kwenye chuma ni pesa iliyotupwa. Muulizeni muuza rangi kuhusu chembe za rangi zenyewe. Nyekundu ya udongo, manjano ya udongo, nyeusi na nyeupe hutokana na madini na hudumu miaka, lakini waridi kali na baadhi ya nyekundu na manjano zinazong'aa hupauka mapema. Pande za mashariki na magharibi hupigwa na jua mwaka mzima, kwa hiyo rangi dhaifu zisiwekwe huko.

Ndani ya tangi hapapakwi kitu. Huko ni maji ya kunywa, na ni kazi nyingine yenye rangi zake na ukaguzi wake.

Tatu: hesabu

Pimeni eneo. Tangi la mviringo lenye kipenyo cha mita 8 na kimo cha mita 5 lina ukuta wa mita za mraba 126 hivi. Lita moja ikifunika mita za mraba 8, kila tabaka ni lita 16, na tabaka tatu ni lita 48 kabla ya kuhesabu inayomwagika. Vitu vinavyomeza pesa ni kuandaa chuma na kufika juu, na ndivyo kamati nyingi husahau.

Tuseme mna shilingi milioni 1.5. Ningezigawa hivi: 450,000 za kuandaa chuma na rangi, 300,000 za jukwaa la mabomba au gari la kikapu, 400,000 za mchoraji na wasaidizi wake, 90,000 za kuwalipa wachoraji watatu watakaofika hatua ya mwisho kwa michoro yao ya awali, 60,000 za mikutano na matangazo, 50,000 za bima, na 150,000 za dharura. Hiyo ni mfano tu, na bei zenu mtazipata kwa kuomba makadirio. Lakini mkiona fungu la mchoraji limebaki dogo kuliko la chakula cha uzinduzi, rudini mezani.

Kampuni ikijitolea kuwapa rangi kwa sharti kwamba nembo yake ikae juu, pimeni sana. Mnara wenye nembo kubwa unageuka bango, na kaunti hutoza ada za matangazo ya nje. Bamba dogo la shukrani chini ya ngazi linatosha. Pesa zikitoka kwenye mfuko wa wadi au hazina yoyote ya umma, mtafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, na mjue kwamba asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vikundi vya wachoraji vilivyosajiliwa huingia humo.

Nne: mtaa useme unataka nini

Baraza moja la Jumamosi saa nane halitoshi. Watakaokuja ni walewale. Nendeni kwa wanaouza maji kwa mikokoteni, kwa akina mama wanaopanga mitungi siku ya mgao, kwa wanafunzi, kwa msikiti na makanisa, kwa walinzi wa usiku. Msiwaulize wanataka picha gani, kwa sababu mtaambiwa simba na Mlima Kenya. Waulizeni wanakumbuka nini kuhusu maji hapa. Utasikia mwaka ambao mifereji ilikauka, bomba lililopasuka, jirani aliyewagawia watu maji ya kisima chake. Hayo ndiyo mchoraji anayahitaji.

Safari ya maji yenyewe ni hadithi ambayo wengi mtaani hawajawahi kusimuliwa. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini huko Gatanga, Murang'a, linalojazwa na mito ya misitu ya Nyandarua. Husafishwa Ngethu, kisha hushuka hadi matangi ya Gigiri na Kabete kabla ya kufika kwenu. Mtoto anayejua hivyo atautazama msitu wa Nyandarua kwa jicho lingine.

Wekeni mipaka mapema na muiandike: hakuna sura ya mwanasiasa aliye hai, hakuna rangi za chama, hakuna kaulimbiu ya kampeni. Uchaguzi wetu huja kila mwaka wa tano mwezi Agosti, na mnara wenye sura ya mheshimiwa utamwagiwa rangi na wapinzani wake, au na yeye mwenyewe akihama chama. Nawasihi pia msipige kura ya mchoro wenyewe katika kundi la WhatsApp. Mtaa una haki ya kusema mnara uzungumzie nini. Namna ya kukichora kitu hicho ni ujuzi wa mtu, na picha iliyorekebishwa na watu 200 haimfurahishi hata mmoja.

Tano: wito, na jinsi ya kuchagua

Andikeni wito wa kurasa mbili kwa wachoraji. Uwe na picha za mnara kutoka pande nne, vipimo, aina ya chuma, hadithi mlizokusanya, bajeti kamili, tarehe, na majina ya jopo. Kuficha bajeti ni kumpotezea mtu muda. Upelekeni kwa vituo vya wasanii vya GoDown Arts Centre na Kuona, kikundi cha Maasai Mbili cha Kibera, Buruburu Institute of Fine Arts na idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Upelekeni pia kwa wachoraji wa matatu. Nairobi ina watu waliokulia kwenye kuchora juu ya chuma kilichobonyezwa, wanaojua rangi ya magari inavyotulia na inavyokauka, na ni nadra kuwaona wakialikwa kwenye kazi za namna hii.

Katika hatua ya kwanza ombeni picha za kazi zilizopita na barua fupi tu. Msimwombe mtu yeyote achore mnara wenu bure. Chagueni watatu, muwalipe kila mmoja ada ya kuwaza, muwatembeze mtaani na juu ya mnara, kisha wape wiki kadhaa. Ada hiyo ndiyo inayowapa ujasiri wa kuleta wazo lenye uzito. Na mkitaka baadaye kutumia kipande cha mchoro wa aliyeshindwa, mnarudi kumlipa.

Jopo liwe la watu saba: wakazi wawili, mtu wa mwenye mnara, wasanii wawili ambao hawakuomba kazi, na mwalimu na kijana wa mtaa. Mtu mwenye ndugu kwenye orodha atoke. Andikeni sababu za uamuzi na muwatumie wote walioomba, hata wale wa mwanzo kabisa.

Kila mchoro ujaribiwe kwa mbali. Uchapisheni kwa kipimo cha moja kwa mia: tangi la mita 5 linakuwa sentimita 5. Ubandikeni ukutani na msimame mita 3 kutoka hapo. Hivyo ndivyo mtu aliye mita 300 kutoka mnarani atakavyouona. Maelezo madogo yote yatapotea, na mtabaki na maumbo na tofauti ya mwanga na giza. Kisha tembeeni mtaani mjue mnara unaonekana kutoka wapi hasa: stejini, kwenye daraja la waenda kwa miguu, kwenye uwanja wa shule. Uso muhimu wa mchoro uelekee huko.

Huko Brim, kijiji cha wakulima jimbo la Victoria, Australia, mchoraji Guido van Helten alichora wakulima wanne kwenye maghala ya nafaka, kazi iliyokamilika mwanzoni mwa 2016. Umbo ni moja, watu wachache, rangi chache, na mtu anauelewa akiwa bado barabarani. Ukubwa unadai ujasiri wa kuacha vitu.

Sita: mkataba

Msiamini mkono wa heri peke yake, hata mkifahamiana. Kuna jambo moja la sheria ambalo wachoraji wengi hawalijui na kamati nyingi hazilisemi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ikiagizwa na mkataba ukinyamaza, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza. Mchoraji akae akilijua hilo kabla ya kutia sahihi. Maoni yangu ni kwamba hakimiliki ibaki kwake, nanyi mpewe ruhusa ya kudumu ya kutumia picha za mnara kwa shughuli za mtaa zisizo za biashara. Haki ya kutajwa jina na ya kupinga kazi yake isiharibiwe inabaki kwake hata hakimiliki ikihama.

Kwa malipo napendekeza asilimia 30 mkitia sahihi, 30 chuma kikiwa tayari na rangi ya msingi imekaguliwa, 30 kazi ikikamilika, na 10 miezi sita baadaye msimu wa mvua ukishapita. Hiyo ya mwisho itolewe bila kusuasua kama hakuna kilichobanduka kwa kosa la mchoraji. Kama fundi mwingine ndiye aliyeandaa chuma, dhamana ya chuma ni yake, na muiandike hivyo katika mikataba yote miwili. Mkiacha pengo hapo, kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole na mtakosa wa kurudi kurekebisha. Andikeni pia nani anakata kodi ya zuio, nini kitatokea mwenye mnara akitaka kuubomoa, na siku ngapi za taarifa mchoraji atapewa ili apige picha za mwisho.

Saba: siku za kupaka

Chagueni Januari na Februari. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi ni Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Septemba inawezekana, ila asubuhi za Julai ni za umande na manyunyu.

Kuna jambo linalowashangaza wachoraji wa kuta za kawaida. Tangi lililojaa maji baridi hutoa jasho. Chuma chake kinabaki baridi kuliko hewa, unyevu unakitulia juu bila kuonekana, na rangi inakaa juu ya maji badala ya chuma. Kanuni ya mafundi ni kwamba chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutunga, na kuna kipima kidogo cha mkononi kinachosoma hilo. Kwa hiyo panga na kampuni ya maji viwango vya tangi vishushwe, sawa na ratiba ya mgao wa mtaa, na wakazi watangaziwe mapema wajaze mitungi yao. Anzeni saa nne asubuhi, jua likishakausha chuma, na msipake baada ya saa kumi.

Usalama hauna mjadala. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inawahusu, na ile ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri awe na bima kwa wafanyakazi wake. Kila aliye juu avae mkanda wa mwili mzima uliofungwa kwenye chuma imara, si kwenye ngazi wala bomba. Jukwaa lisimamishwe na kampuni inayotoa cheti. Eneo la chini lizungushiwe utepe na awepo mtu wa kuwaondoa watoto. Upepo ukivuma hadi mkebe mtupu unabiringika, kazi isimame na siku hiyo ilipwe.

Kabla ya kupuliza rangi, fungeni matundu ya hewa ya tangi na kifuniko chake, mkihakikisha mlinzi wa tangi anajua, kwa maana tangi lisilopumua halitolewi maji. Kile kipimo cha nje kinachopanda na kushuka kuonyesha kiwango kisipakwe hata tone, kwani ndicho anachosoma kila asubuhi. Na angalieni bomba la kumwagia maji ya ziada. Likidondokea ukutani litachora mstari wa kutu katikati ya kazi yenu ndani ya miezi michache. Fundi wa bomba alirefushe kwanza.

Nane: baada ya uzinduzi

Mwaka 1959 mchoraji Elimo Njau alichora maisha ya Kristo kwa sura za Kiafrika katika kanisa la ukumbusho huko Murang'a. Michoro hiyo iko ndani, chini ya paa, na ina wenyewe. Mnara wenu uko juani, na usipopewa mwenyewe utakufa. Teueni watu wawili kwa majina na muwatengee pesa kila mwaka, hata kama ni shilingi chache kwa kila nyumba pamoja na ada ya ulinzi. Kila mwaka baada ya mvua ndefu wautazame kwa darubini na kupiga picha kutoka sehemu zilezile nne. Vumbi lioshwe kwa maji na sabuni laini, bila mashine ya presha kubwa. Alama ya kutu ikitokea kwenye bolti, itengenezwe mwezi huohuo, na mchoraji ndiye aitwe kwanza, kwa malipo.

Wekeni faili moja ofisini na nakala nyingine kwa mwenye mnara: ripoti ya fundi, mikataba, barua zenye muhuri, na namba ya kila rangi pamoja na kampuni iliyoitengeneza. Msitegemee mikebe iliyobaki stoo. Poliurethani ya sehemu mbili, hadena yake, ile dawa ya kuigandisha, ikishafunguliwa, huvuta unyevu na kuharibika, kwa hiyo kwa marekebisho mtanunua mpya kwa kutumia namba hizo.